Mwanamke Anayeisimamisha Filamu Dakika ya Arobaini na Moja

Mtu aliyeonyesha filamu moja kwa miaka kumi na miwili, anayeijua kila sauti yake kama aijuavyo njia ya kwenda kwake, ana sababu gani ya kuisimamisha pale pale inapoanza kunoga?

Saa tatu na robo asubuhi, swali hilo bado halina jibu. Mwenye kulijibu amesimama juu ya meza ya kulia chakula, viatu amevivua, midomoni amebana pini tatu, akitundika kitambaa cheusi kwenye dirisha la kumi na tisa la bwalo la shule ya bweni ya wasichana. Chini yake kuna sanduku kuukuu la safari. Ndani ya sanduku hilo, projekta yenye uzito wa kilo kumi na moja imefunikwa kwa blanketi la mtoto.

Vitambaa amevishona mwenyewe. Kila kimoja kina vitanzi vinne, na kila kitanzi hutafutiwa msumari wake ukutani. Msumari ukikosekana, hutumia pini. Pini zikiisha, humwomba msichana aliye karibu amwazime kibanio cha nywele.

“Giza langu limeshikwa na vibanio vya watoto wa watu,” anasema, akishuka mezani kwa uangalifu wa mtu mwenye goti bovu. “Na sijawahi kurudisha hata kimoja. Siku ya hukumu nitakuwa na kesi ndefu.”

Wanafunzi wa shule nyingi wanamwita Bi Giza, kwa kuwa jambo la kwanza afanyalo akifika ni kuufukuza mchana. Jina halimuudhi. Ana umri wa miaka hamsini na minne, na anasema wapo waliopewa majina ya nuru ambao hawajawahi kumwonyesha mtu kitu.

Leo, hata hivyo, mkono wake si mwepesi kama kawaida. Kwenye benchi la nyuma kabisa ameketi mratibu wa mradi unaomlipa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, daftari likiwa mapajani. Wiki mbili zilizopita ofisi ilimwandikia Bi Giza barua ya mistari sita. Filamu ionyeshwe tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimamishwa. Asipoweza, mashine atakabidhiwa mtu mwingine kabla ya muhula ujao. Mratibu amekuja kujionea kwa macho yake.

Kutakuwa na maonyesho mawili: kidato cha pili asubuhi, kidato cha tatu baada ya chakula cha mchana. Jioni, mmoja kati ya wanawake hawa wawili atakuwa amekubali kushindwa.

Filamu yenyewe inaitwa Mlango wa Stoo, na urefu wake ni saa moja kasoro dakika mbili. Haina nyota wala magari yanayolipuka. Inamhusu binti wa miaka kumi na mitano aliyefiwa na mama yake, akahamishiwa kwa shangazi na kuingizwa katika shule ambako hamjui mtu. Wasichana wanne wanaoogopwa na darasa zima wanamwita Mpya. Mpya anatamani kuitwa jina jingine, na gharama ya jina hilo inapanda kila siku. Anaanza kwa kutoroka vipindi. Kisha anamdanganya shangazi. Kisha mkono wake unaingia katika mkoba wa shangazi.

Halafu, alasiri moja, shule ikiwa imekwisha kutawanyika, wale wanne wanamfungia msichana mwenye kigugumizi ndani ya stoo ya viti. Ufunguo wanamkabidhi Mpya. Kiongozi wao hapandishi sauti. Anamwambia tu kwamba akifungua, asiwajue tena. Wanaondoka wakicheka. Ndani ya stoo mtu anagonga, anaacha, anagonga tena. Mpya anauinua ufunguo hadi usawa wa kufuli.

Hapo ni dakika ya arobaini na moja. Hapo ndipo, katika kila shule kwa miaka kumi na miwili, Bi Giza amekuwa akibonyeza kitufe na kuliacha lile bwalo zima likimtazama binti mmoja aliyeganda, ufunguo mkononi.

Wengi hudhani kuwa mbinu hiyo ilibuniwa na wataalamu. Yeye huwasahihisha haraka.

“Sikubuni kitu. Nilikosea,” anasema. “Diski ya filamu niliifunga ndani ya leso pamoja na pini zangu, ili nipunguze mzigo. Ndiyo akili yangu ilivyonituma.”

Kabla ya kazi hii alifagia ukumbi wa sinema kwa miaka tisa, akiokota chini ya viti vitu ambavyo anasema haviandikiki gazetini. Baadaye fundi wa mashine alianza kusumbuliwa na macho, naye akamfundisha kazi yake kidogo kidogo. Ukumbi ulipofungwa na kugeuzwa ghala la magodoro, mradi wa filamu za mashuleni ulimchukua kwa sababu alikuwa mtu pekee katika usaili aliyejua kubadilisha taa ya projekta bila kuunguza vidole.

Katika shule yake ya tatu, picha iliganda. Pini zilikuwa zimeikwaruza diski, na mkwaruzo ulikuwa umeangukia dakika ya arobaini na moja. Anakumbuka jasho lilivyomtoka. Aliitoa diski, akachuchumaa nyuma ya meza, akaanza kuifuta kwa upindo wa gauni lake, akiomba mwalimu wa zamu asiingie.

Kukiwa bado giza, sauti moja iliuliza: “Atafungua?”

Nyingine ikasema asifungue, watamgeuka. Ya tatu ikasema yeye aliwahi kufungua, na kweli walimgeuka, na kwamba hadi leo hula chakula peke yake. Kisha wakaanza kuzungumza, anasema, kama watu wanaozungumza wakiwa wamefumba macho. Walibishana, wakalaumiana, wawili wakaombana radhi kwa jambo lililotokea mwaka uliotangulia. Hakuna aliyewaamuru.

“Mimi niko chini pale nafuta diski,” anasimulia. “Ilishatakata zamani. Niliendelea tu kufuta, niliogopa nikisimama wataona kuna mtu mzima.”

Tangu siku hiyo amesafiri na filamu isiyo na mkwaruzo, na mkwaruzo ameuweka katika kidole gumba chake.

Kumtazama akifanya kazi ni kujifunza kutazama upya. Waonyesha filamu wote hukaa nyuma ya watazamaji. Bi Giza hushika rimoti na kwenda mbele, akaketi kwenye kibao kifupi chini ya kitambaa cheupe, mgongo wake ukiielekea picha. Ameionyesha Mlango wa Stoo mara mia sita na kumi na tisa, kwa mujibu wa daftari lake la shule. Anasema hajaitazama kwa miaka isiyopungua kumi. Anachotazama ni nyuso.

Mwanga wa picha huzipitia nyuso hizo kama upepo upitavyo juu ya nyasi, naye huzisoma safu kwa safu. Anajua, kabla hata filamu haijafika nusu, ni nani anayeogopwa katika chumba kile.

“Watu wanafikiri kiongozi ndiye anayecheka kwanza,” anasema. “Siye. Kiongozi hageuki kuangalia mtu. Wenzake wakitaka kucheka, wanamwangalia yeye kwanza.”

Anajua pia ni nani anayeumizwa. Huyo, asema, ndiye asiyeshtuka mlango unapogongwa.

Matroni wa shule hii, mwanamke mnene mwenye mashada ya funguo kiunoni na ulimi usiopaka mafuta, anakiri kwamba siku ya kwanza alimdhania mganga. “Anaingia, anaziba madirisha, watoto wanatoka wamebadilika. Nikasema hapa pana jambo,” anasema. “Sasa namwonea wivu tu. Mimi nimelala nao mabwenini miaka minane, yeye kwa kuwatazama robo saa ananiambia nani na nani.”

Lakini barua ya ofisi haikutoka hewani. Kisa chake kipo, na Bi Giza hakifichi.

Mwaka jana, katika shule nyingine, picha ilipoganda, msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama. Alisema mbele ya wenzake themanini kwamba yeye ndiye aliyekuwa analinda mlango wa bafu siku mwenzao alipokatwa nywele kwa nguvu. Alilia. Wengi walilia pamoja naye. Bi Giza aliimalizia filamu, akakunja vitambaa vyake, akapanda gari la saa tisa kuelekea shule iliyofuata, moyo ukiwa umejaa furaha.

Kesho yake msichana yule aliitwa Funguo. Wenzake wa kundi, aliowasema bila kuwataja, walimgongea kitanda kila alipojilaza. Kila alikopita, vidole viligonga madawati. Wiki ya tano alirudi nyumbani, na shuleni hakurejea.

Bi Giza alipata habari baada ya miezi mitatu. Aliuliza hadi akaifahamu nyumba, akaenda Jumapili moja na mkate mkononi. Hajui alitarajia kukuta nini. Alimkuta binti akimsaidia mama yake kupiga pasi nguo za wateja. Binti alimpisha kiti, akamwandalia chai, akamsikiliza akiomba msamaha hadi mwisho.

“Halafu akaniambia maneno ambayo hata leo nikiwa nakula yananikaa hapa,” anasema, akigusa koo. “Aliniambia, ‘Bibi, wewe ulifunga sanduku lako ukaenda. Mimi nilibaki nao.’”

Amerudi katika nyumba ile kila Jumapili ya pili tangu hapo. Binti huyo sasa anasoma katika shule ya kutwa. Hawaizungumzii filamu. Wanapiga pasi pamoja.

Saa nne kamili, wasichana mia moja na kumi na wawili wa kidato cha pili wanaingia bwaloni kwa kelele za kuburuta madawati. Bi Giza anaketi kwenye kibao chake. Taa ya projekta inawaka, na vumbi linaonekana likielea ndani ya mwanga kama kitu chenye thamani.

Leo ameamua kutii. Alfajiri, binti yake wa pili, msusi, anayeishi naye pamoja na wajukuu wawili katika vyumba viwili, alimfungia kamba ya sanduku na kumpa ushauri wa bure. “Mama, leo funga mdomo, washa filamu, tule,” alimwambia. Kisha akamtania kuwa miaka kumi na miwili anamtazama mtoto yule yule, hakui tu?

Dakika ya arobaini na moja inafika. Ndani ya stoo mtu anagonga. Kidole gumba cha Bi Giza kinapanda juu ya kitufe, kinakaa hapo kwa muda wa pumzi moja, kinateremka.

Filamu inaendelea. Mpya anafungua kufuli. Msichana mwenye kigugumizi anatoka, wanakumbatiana, muziki unapanda. Wale wanne wanaonekana kwa mbali wakiwa wameinamisha vichwa. Bwalo zima linalipuka kwa makofi. Dakika kumi baada ya majina ya waigizaji kupita, madawati yamerudishwa mahali pake, na wasichana wako nje wakiigiza jinsi kiongozi wa kundi anavyotembea. Wanamwigiza vizuri sana.

Mratibu anakuja mbele akitabasamu. Anasema muda umetosha, ratiba haikuvurugika, watoto wamefurahi. Bi Giza anaivuta projekta nyuma kidogo ili ipoe.

“Wamempigia makofi mtoto wa kwenye filamu,” anasema. “Amewafungulia mlango. Wao hakuna aliyewauliza kitu.”

Mazungumzo yao wakati wa mapumziko, yaliyofanyika kwenye ngazi za bwalo huku kila mmoja akiwa na kikombe cha chai, hayakuwa ya bosi na mfanyakazi. Mratibu alimwita mama, kwa heshima isiyo ya kuigiza. Alieleza kwamba mradi una filamu moja, mashine moja na shule thelathini na nane kwa mwaka, na kwamba walimu wakuu wanalalamikia vipindi vinavyoliwa. Hayo, alisema, angeweza kuyamaliza kwa barua na simu. Jambo jingine hakuweza.

“Mama yake yule binti alinipigia mimi. Hakukupigia wewe,” alisema, sauti ikiwa chini. “Alilia kwenye simu nusu saa. Wewe unawafungua watoto, mama, na unajua kuwafungua, sijaona mtu kama wewe. Lakini ukishawafungua unakunja waya unaondoka. Kama hatuwezi kubaki nao, bora tusiwaguse.”

Bi Giza alikitazama kikombe chake mpaka chai ikashika utando. Ni nadra kumwona mtu akikubali, bila kutikisa kichwa, kwamba aliyesema kinyume chake amesema kweli.

Saa nane na nusu kidato cha tatu kinaingia, wasichana tisini na sita. Hawa ni wakubwa zaidi, na wameshajifunza kuketi kwa namna inayoonyesha kwamba hawajali. Katika safu ya tatu, pembeni, ameketi msichana mdogo wa umbo, na kati yake na mwenzake wa karibu pana nafasi tatu tupu, ingawa wengine wamebanana hadi mabega yanapishana. Matroni anamnong’oneza Bi Giza kwamba godoro la mtoto huyo limekutwa limeloweshwa maji mara tatu mwezi huu. Ameuliza bweni zima. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Wengi wape, anasema matroni, na humo bwenini wengi wameamua kuwa vipofu.

Nyuma yake kwa safu nne wameketi watano waliokaa kama mtu mmoja. Wa katikati hageuki kuangalia mtu.

Filamu inaanza. Shangazi anaupekua mkoba wake mara mbili, haamini. Wasichana wanacheka pale wanapocheka wote duniani, na wananyamaza pale wanapojitambua. Bi Giza amewapa picha mgongo, mikono imelala juu ya magoti.

Ndani ya stoo mtu anagonga. Anaacha. Anagonga tena.

Picha inaganda.

Nyuma ya bwalo benchi linalia, mratibu amesimama. Swichi ya taa iko karibu na bega lake. Anaitazama, halafu anamtazama mwanamke aliyeketi chini ya kitambaa cheupe, na mkono wake haunyanyuki.

“Mashine imekufa?” anauliza mmoja.

“Haijafa. Dada yangu aliniambia, huwa anaisimamisha hapa.”

“Sasa tunangoja nini?”

Bi Giza haongei. Hii ndiyo sehemu ya kazi yake ambayo haionekani, na ambayo pengine ndiyo ngumu kuliko zote: kukaa mbele ya watoto mia bila kuwafundisha kitu.

“Si atafungua,” inasema sauti moja kutoka upande wa kulia. “Filamu zote hufungua.”

“Wewe ungefungua?”

“Mimi? Ningefungua.”

“Muongo wewe,” inajibu sauti nyingine, kavu. “Juzi bwenini ulikuwa wapi?”

Bwalo linakuwa zito. Mtu anakohoa, anajutia kikohozi chake. Katika mwanga wa picha iliyoganda nyuso tisini na sita zinaonekana zote, na hakuna hata moja inayothubutu kugeukia safu ya tatu. Dakika inapita. Inapita nyingine. Yule mdogo wa umbo anayatazama mapaja yake.

Kisha mmoja kati ya wale watano anasimama.

Ni msichana mrefu, sweta lake limechanika kiwikoni. Aliyekaa kushoto kwake anamvuta upindo. “Kaa chini. Unajifanya nani?”

“Niache,” anasema. “Nataka kukaa kule.”

Hasemi zaidi. Anapita kati ya magoti ya wenzake, mmoja baada ya mwingine, na wapo wanaovuta miguu ndani kumpisha na wapo wasioivuta. Safari ya safu nne inaonekana kuwa ndefu kama uwanja. Anafika safu ya tatu. Anaketi katika nafasi ya kwanza kati ya zile tatu tupu. Anafikiri. Anasogea ya pili. Halafu ya tatu, mpaka sweta lake lililochanika linagusa sweta la mwenzake.

Hawatazamani. Yule mdogo wa umbo anaanza kutetemeka mabega, na mwenzake anabaki vile vile, macho mbele, kama mtu aliyepewa kazi ya kuzuia ukuta usianguke.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyecheka. Matroni, mwenye ulimi usiopaka mafuta, alizishika funguo zake kwa mikono miwili zisilie.

Bi Giza alingoja dakika sita. Kisha akaiachia filamu ikaenda hadi mwisho. Mpya alipofungua mlango, bwalo halikumshangilia. Walimtazama kama watu wanaomtazama jirani yao. Walitoka kimya, na wale wanne waliobaki walitoka mwisho.

Ofisi ya mwalimu mkuu ni chumba kidogo chenye kabati la vikombe vya ushindi na saa ya ukutani iliyotangulia dakika tano, kwa makusudi, anasema mwenyewe, ili walimu wasichelewe. Saa tisa na dakika hamsini waliketi humo watu wanne: mwalimu mkuu, matroni, mratibu na Bi Giza.

Mratibu ndiye aliyeanza. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Alisema hajawahi kuona jambo kama lile tangu aanze kazi, na kwamba atalisimulia hadi uzeeni. Kisha akasema kwamba bado barua ya ofisi iko palepale, na kwamba aliyoyaona yamemzidishia hofu badala ya kumpunguzia.

“Yule mrefu analala bweni moja na wale wanne,” alisema. “Amewaacha mbele ya kidato kizima. Leo usiku taa zikizimwa, nani atakuwa naye?”

Mwalimu mkuu alimtazama matroni. Matroni alisema ana mabweni manne na macho mawili. Mwalimu mkuu akaongeza, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kujaribu, kwamba kumwadhibu kiongozi wa kundi kutamfanya shujaa, na kumwacha kutamfanya mfalme. Nje, wasichana walikuwa wanaanika nguo, na sauti zao ziliingia kupitia dirishani zikiwa za kawaida kabisa.

Bi Giza alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono juu ya sanduku. Anasema sasa kwamba hakuwa ametayarisha hotuba. Alichokuwa anakifikiria ni gari la saa kumi na moja, ambalo lilikuwa limpeleke shule inayofuata, na mapigo ya pasi juu ya nguo za wateja.

Malipo yake huhesabiwa kwa shule. Shule zikipungua nusu, nusu hiyo hiyo ndiyo atakayopeleka kwenye vyumba viwili vya nyumbani. Alilisema hilo mwenyewe, kwanza, ili asije mtu akamkumbusha. Alisema pia kwamba mratibu amemwambia ukweli pale ngazini, na kwamba mtu mzima anapoambiwa ukweli na mdogo wake hana budi kushukuru hata kama unamchoma.

Kisha akasimama, kwa sababu goti lake linamuuma akiketi sana, na akawaambia wote watatu:

“Filamu nitaisimamisha. Hapa na kila shule, dakika ileile. Lakini kuanzia leo siondoki siku hiyohiyo. Kila shule nitalala siku tatu, bwenini, na watoto. Shule zitakuwa chache na hela itakuwa kidogo, nimekubali. Wewe mwanangu iandikie ofisi hivyo hivyo nilivyosema. Wakikataa, mashine ichukueni, mie nitakuja bila mashine. Matroni, naomba unionyeshe kitanda kilicho karibu na yule mrefu. Nataka nikitandike kabla hawajaingia.”